Mguu Ulioelekea Chihungo

Mastura anasema Esperanca hakuruka. Anasema ulioruka ni mguu, na mwenyewe akafuata kwa kuwa ulikuwa wake. Siku hiyo Mastura alikuwa ndani ya lori, amekalia kinu chake kilicholazwa kati ya magunia, na anaapa kwamba hakuna kilichomkinga macho. Huyasimulia haya barazani kwake katika kijiji kipya, akimenya mihogo, na kila akifika pahala pa mguu husimamisha kisu.

"Wa kulia ndio uliotangulia," husema. "Ulipita juu ya bodi kama mtu aliyeitwa jina lake. Esperanca kashika ubao, kautazama, kasema, 'Jamani, baba.' Mara huyo, chini."

Wengine waliokuwemo wanasema aliruka tu kama watu wanavyoruka. Mastura huwajibu kwamba wao walikuwa wameshika watoto na kuku, na yeye alikuwa na kinu, na kinu hakihitaji kuangaliwa.

Ambalo hakuna anayelibishia ni hili. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, na mpunga ulikuwa umeshavunwa. Watu wa Chihungo, kando ya Ruvuma, karibu na pale mto unapoanza kuonja chumvi, waliambiwa wakaishi pamoja kando ya barabara, ambako kungekuwa na shule na zahanati na bomba la maji. Wengi wao walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo wakati wa vita, na kuhama hakukuwa jambo geni kwao. Shule hakuna aliyeichukia. Lori lilifika asubuhi pamoja na mgambo wa kushusha mapaa, na mapaa yakashushwa yote, ili mtu asiwe na cha kurudia.

Gaspari, baba yake Esperanca, hakuwepo. Maji yalikuwa yametoka na yeye alikuwa ameteremka mtoni kutazama migono, mitego yake ya samaki. Gaspari alikuwa na matende katika mguu wa kushoto, mguu mzito kama gunia lililonyeshewa, na safari aliyoiweza ilikuwa moja tu: kutoka nyumbani hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi nyumbani. Esperanca aliomba lori lingoje kidogo. Afisa aliyesimamia uhamishaji alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya upole.

"Panda, mama," alimwambia. "Lori jingine litakuja kumchukua mzee."

Esperanca akapanda. Dereva akatia gia. Walipofika kwenye mikorosho ya mwisho ya Chihungo, ndipo likatokea lile analolisimulia Mastura.

Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika pande zote mbili, na unyayo ukageuka ukatazama kule lilikotoka lori. Lori likasimama. Watu wakamnyanyua Esperanca, wakamlaza juu ya magunia, na safari ikaendelea.

Zahanati ilikuwa bado misingi. Kwa hiyo aliitwa Bi Rehema, mganga wa mifupa, mwanamke mnene mwenye mikono midogo, ambaye naye alikuwa amehamishwa, ila kutoka upande mwingine. Bi Rehema alitibu kama wanavyotibu wenzake wote. Mfupa hautibiwi peke yake. Alipoupapasa mguu wa Esperanca kwa vidole na kujua ulivyovunjika, alichukua kuku, akamvunja mguu wa kulia kwa namna ileile, kisha akawafunga wote wawili vibanzi vya mwanzi na dawa moja. Kuku akitembea, mgonjwa hufunguliwa. Imekuwa hivyo siku zote, na watu wengi wa pwani ile wanatembea leo kwa sababu kuku fulani alitembea kabla yao.

Kuku aliyechukuliwa alikuwa wa Esperanca mwenyewe. Alikuja naye kutoka Chihungo ndani ya tenga.

Kuku alipona vizuri. Siku alipofunguliwa alisimama, akajikung'uta, akatembea. Alipita nyumba ya Mastura, akapita nguzo yenye kibao cha jina la kijiji, ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa kitu, akafuata njia ya kusini. Hakuparua mchanga wala hakugeuka. Kizuizini kulikuwa na mgambo aliyewekwa asiache mtu kurudi makwao. Kuku akapita chini ya mti wa kizuizi. Mgambo alieleza baadaye kwamba amri aliyopewa ilihusu watu.

Esperanca naye alipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeshika. Unyayo ulikuwa umeelekea kule kule alikokwenda kuku. Alipogeuzwa kitandani, unyayo uligeuka ukarudi kusini. Alipobebwa akakalishwa nje akitazama barabara, unyayo ulitazama kusini. Bi Rehema aliuchunguza mguu kwa muda mrefu, akauliza kuku alitotolewa wapi. Alipoambiwa, alijipiga paja.

"Kosa langu," alisema. "Nilitakiwa niulize kabla. Mfupa wa Chihungo, kuku wa Chihungo, halafu nategemea ukae hapa?"

Habari ikaenea kijijini kwamba kosa lilikuwa la kuku, na watu wakaridhika, maana sababu ilikuwa imepatikana.

Lakini Esperanca, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kukaa na kuutazama mguu wake, aliona jambo jingine. Unyayo ulikuwa umeshika, ila haukuwa umetulia. Maji yalipotoka, vidole vilisogea kiasi cha upana wa kidole kuelekea kushoto, uliko mto. Maji yalipojaa, vilirudi kulia. Na havikurudi ilipo nyumba. Vilisimama pembeni kidogo, palipo na shamba la mpunga. Akaelewa kwamba baba yake alikuwa akiishi kwenye dungu la kulindia ndege, kwa sababu nyumba haina paa.

"Baba katoka mtoni," alimwambia Mastura siku moja.

Mastura alikuwa akipeta mchele. Aliutazama mguu.

"Kapata kitu?"

"Hayo mguu hausemi."

"Mguu mchoyo huo," Mastura alisema, akaendelea kupeta.

Tangu hapo Mastura alikuwa akija kila asubuhi kuuliza hali ya mzee, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa wa chumba cha ndani. Esperanca alitazama vidole, akamjibu. Kaamka. Kateremka. Leo kachelewa.

Lori jingine halikwenda. Afisa alipokuja kukagua vyoo, Esperanca alibebwa na wanawake wawili hadi mbele yake, akamuuliza.

"Chihungo imeshahama yote," Afisa alisema. "Nimetoa taarifa mkoani. Kule hakuna mtu."

"Baba yangu yupo, Ndugu Afisa."

"Angekuwepo nisingetoa taarifa kwamba hayupo."

"Yupo. Sasa hivi yuko mtoni." Esperanca akamwonyesha mguu.

Afisa aliinama, akautazama kwa adabu. Alikuwa mtu msikivu. Alikubali kwamba unyayo ulikuwa umegeuka, na alikubali pia, alipoelezwa, kwamba ulikuwa ukisogea. Akasema suala hilo ni la hospitali. Siwezi kupeleka lori, alisema, likamchukue mtu kutoka mahali pasipo na mtu. Dereva atamwandika nani? Kisha akamtoa mpambe wake kwenye kiti cha mbele cha landrova, akampakia Esperanca, akampeleka mwenyewe hadi hospitali ya mjini Mtwara. Kabla hawajaondoka aliwaagiza waganga wa mifupa wa kijiji watumie kuku waliototolewa papo hapo kijijini.

Daktari wa mifupa aliitwa Waziri. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kushika mguu wa mgonjwa kabla ya kumwuliza jina. Alipiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamweleza Esperanca kinachoonekana. Mifupa miwili ya muundi, alisema, hushuka ikakishika kiungo kutoka pande mbili, kama jiriwa ya seremala inavyoshika ubao. Jiriwa yake ilikuwa imevunjika taya zote mbili, ikapasuka na ukingo wa nyuma, na mifupa yenyewe miwili ikaachana. Baadaye yote yakaungana yalivyokuwa, vibaya. Dawa ilikuwa kufungua, kuvunja upya, kupanga, na kufunga kwa chuma.

"Kwa nini unasogea?" aliuliza baada ya kuupima mguu siku kadhaa na kupata kipimo tofauti asubuhi na jioni.

Esperanca akamweleza.

Daktari Waziri aliitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata aliupima maji yakiwa yametoka, na akaupima tena yakiwa yamejaa, ili asichanganye.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu na yenye madirisha ya juu, na mgonjwa aliyelala humo muda mrefu alipotelewa na pande za dunia. Kitanda cha pili kutoka kwa Esperanca alilala Bi Mwanaamina wa Mikindani, aliyevunjika nyonga. Siku ya kwanza aliuliza kibla kiko wapi na kila muuguzi akamwonyesha kwingine. Siku ya pili aliutazama mguu wa Esperanca, akauliza unaelekea wapi, akaambiwa kusini.

"Basi mimi nageukia kisigino," alisema Bi Mwanaamina, akasali. Tangu hapo kila wakati wa sala sauti yake ilisikika: "Mwanangu, hebu toa mguu nje ya shuka." Esperanca akautoa.

Ilipokaribia siku ya kupasuliwa, Esperanca alimwuliza Daktari Waziri swali alilokuwa akilibeba tangu alipooneshwa picha.

"Ukiunyoosha, nitajuaje kama yupo?"

Daktari alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. "Sijui," alisema. "Usiponyooshwa hutatembea. Hutakwenda kwake."

"Na nikitembea nitaruhusiwa?"

"Hilo si la mifupa, mama."

"Muulize Ndugu Afisa. Wewe atakusikiliza."

Daktari Waziri alikwenda ofisini kwa Afisa jioni ile akitoka kazini, akiwa bado amevaa viatu vyake vya wodini. Asubuhi alirudi kitandani kwa Esperanca, akaanza kuupima mguu kama kawaida. Alipomaliza alisema, "Amesema hakuna mtu." Sista Felista, muuguzi aliyekuwa ameshika sinia la dawa, akatazama vidole vya Esperanca. Vilikuwa vikisogea taratibu kuelekea mtoni.

Esperanca alikaa na jambo hilo muda. Hakula mchana. Alilala ubavu akiutazama unyayo wake ulivyokwenda na ulivyorudi, akawaza kwamba mtu anayejua baba yake yuko hai na asiyeweza kumfikia anatofautiana kidogo sana na mtu asiyejua. Kisha akawaza kwamba tofauti hiyo ndogo ndiyo yote aliyonayo. Daktari alipopita tena alimwambia, "Nipasue. Nitakwenda mwenyewe."

Siku ya upasuaji alilazwa juu ya meza, akapewa dawa ya usingizi. Daktari Waziri alipasua upande wa nje, kisha wa ndani. Akaondoa mfupa mchanga uliokuwa umeota ovyo, akavikata vipande palepale vilipovunjikia mwanzo, mpaka unyayo ukalegea. Akaushika kwa mikono miwili, akaurudisha chini ya muundi. Ukakaa. Alipouachia ulirudi kusini polepole, kama mlango wa nyumba iliyojengwa mahali penye mteremko.

Walijaribu tena, msaidizi akiushikilia kwa nguvu zake zote. Skrubu ya kwanza iliingia ikafika mwisho. Kisha ikaanza kuzunguka yenyewe kinyume, ikatoka, ikaanguka sakafuni. Sista Felista aliiokota, akaiweka kwenye sinia la vitu vilivyochafuka.

Daktari Waziri alisimama kidogo na mikono yake juu.

"Geuzeni meza," alisema.

Wahudumu wakafungua breki za magurudumu, wakaigeuza meza na mgonjwa wake, taratibu, na mtoa dawa ya usingizi akazunguka nao akiwa ameshika mpira wa hewa. Taa ya darini haikuweza kuwafuata, kwa hiyo mhudumu mmoja alipanda stuli akashika taa nyingine. Kichwa cha Esperanca kilipofika kaskazini na miguu kusini, unyayo ulijiweka chini ya muundi bila kuguswa, na vipande vya mfupa vikakutana kama meno ya mdomo unaofumbwa. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Daktari aliweka bamba upande wa nje, akatoboa kwa keekee, akakaza skrubu. Akaweka skrubu mbili upande wa ndani, moja nyuma, na moja ndefu iliyopita kwenye mifupa yote miwili ili isiachane tena. Hakuna iliyotoka. Wakamshona, wakamfunga hogo la plasta.

Alipoamka, mguu wake ulikuwa umenyooka kama mguu wa mtu yeyote. Alilia, akidhani amempoteza baba yake. Asubuhi yake Sista Felista alikuta kitanda kimekaa mshazari, miguu yake ya chuma imechora sakafu. Akakinyoosha. Saa sita kilikuwa mshazari tena. Kile ambacho mguu ulikuwa ukikitaka peke yake, sasa mwili wote ulikitaka. Esperanca aliitazama michoro ya sakafuni, akaona kwamba ilikuwa miwili, mmoja wa maji kutoka na mmoja wa maji kujaa. Akaomba uji.

Wakakiacha kitanda mshazari. Mpita njia alijifunza kukizunguka. Bi Mwanaamina alisema kwake hakuna kilichobadilika.

Hogo lilipokatwa, Esperanca alifundishwa kutembea kwa magongo. Aliweza kwenda kusini vizuri sana. Kwenda upande mwingine wowote aliweza pia, ila kwa kurudi nyuma, uso na vidole vikiwa vimeelekea Chihungo. Daktari Waziri alimtazama akienda kinyumenyume mpaka mwisho wa wodi, akasema kiungo kinabeba uzito vizuri. Akaitoa ile skrubu ndefu wakati wake ulipofika, akamruhusu.

Kijiji kipya kilimpokea, na kikamzoea. Alikwenda bombani kinyumenyume na ndoo kichwani, na watoto waliacha kumfuata baada ya juma moja. Wanawake walimwongoza bila kukatisha mazungumzo yao. "Kushoto, dada, kuna kisiki. Basi, kama nilivyokuwa nikikwambia..." Mastura alisema ana raha moja, kwamba akitembea naye kwenda bombani wanaonana uso kwa uso.

Alipoona mguu una nguvu, Esperanca alifunga kanga, akachukua maji na unga kidogo, akaanza safari. Kwenda kulikuwa kwepesi, kama kuteremka. Alipofika kizuizini mgambo alisimama. Alikuwa mgambo yuleyule wa siku zote, mtu wa kijijini, na yeye mwenyewe alikuwa na mikorosho yake huko.

"Unakwenda wapi, dada Esperanca?"

"Mbele."

"Mbele hapana."

"Baba yangu yuko pale. Kalala, maji yamejaa."

"Najua yuko pale," mgambo alisema. "Kijiji kizima kinajua yuko pale. Lakini juzi kuna mtu karudi kuchukua mlango wa nyumba yake, kawekwa ndani, na mimi nikaulizwa alipitia wapi. Sasa unataka nijibu nini?"

"Sema nilipita kama kuku."

Mgambo hakucheka, ingawa alitaka. "Kuku hakuwa na jina, dada. Rudi. Nitakusindikiza."

Akamrudisha, yeye akitangulia na Esperanca akimfuata kwa mgongo, na njia nzima alimwambia palipo na mashimo.

Zikaja siku za maji mafu. Bahari hutoka kidogo wakati huo, lakini hutoka, na Gaspari alikuwa hajawahi kuacha kutazama migono. Asubuhi moja maji yakatoka na Esperanca hakuhisi kitu. Alikaa mbele ya nyumba yake amenyoosha mguu, akangoja. Vidole vilibaki vimeelekea kwenye dungu. Mastura alikuja na swali lake la kila siku.

"Mzee kaamkaje?"

"Kalala bado."

"Uzee huo. Mwache apumzike."

Maji yakajaa, yakatoka, yakajaa. Vidole havikwenda mtoni. Esperanca hakupika. Mastura alikuja, akaketi karibu naye, naye akaanza kuutazama mguu, mpaka jua likawafikia wakahamia kivulini.

Siku iliyofuata Esperanca alikwenda kuchota maji. Alitembea kwa muda kabla ya kugundua kwamba analiona bomba. Lilikuwa mbele yake, na wanawake waliopanga ndoo walikuwa mbele yake, na njia ilikuwa mbele ya vidole vyake. Akasimama. Akajaribu kugeuka mashariki. Akageuka. Akajaribu kaskazini, uliko mji. Hakuna kilichomzuia. Angeweza kutazama popote duniani.

"Esperanca kageuka!" mmoja alipiga kelele, na vigelegele vikaanza. Ndoo ziliachwa. Wakamzunguka, wakamshika mikono, wakamgeuza huku na huku ili waone, naye akageuka kila walikomgeuza. Bi Rehema aliitwa. Alikibonyeza kifundo pande zote, akasema mfupa sasa umekubali kijiji. Mastura peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama na ndoo yake tupu, anamtazama Esperanca machoni.

Daktari Waziri alimwona katika kliniki ya wiki ile. Aliupandisha unyayo, akaushusha, akamwambia atembee hadi ukutani na kurudi. Picha mpya ilionyesha bamba limetulia na taya za jiriwa zimeshikana.

"Kiungo ni kizuri kuliko nilivyotegemea," alisema. "Umepona."

"Ndiyo, daktari. Baba amefariki."

Daktari Waziri alikuwa bado ameshika kisigino chake. Aliendelea kukishika. Nje ya mlango mgonjwa mwingine alikuwa akikohoa akingoja zamu.

"Pole, mama," alisema, na baada ya muda akasema tena.

Kutoka hospitalini Esperanca hakurudi kijijini. Alikwenda kwa miguu yake mpaka ofisi ya Afisa, njia ndefu yenye kona nyingi, na kila kona aliipinda bila taabu. Afisa alimpokea vizuri. Alikuwa amekwisha kusikia. Alimwomba atembee chumbani ili aone, na Esperanca akatembea kutoka mezani hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi mezani, na Afisa akapiga makofi mawili matatu madogo, kwa furaha ya kweli. Akasema huu ni mfano, na kwamba watu wakiwa na subira kila kitu kinakaa sawa. Akamtaka aketi.

Esperanca hakuketi.

"Ndugu Afisa, naomba nikamzike baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Chihungo. Yuko kwenye dungu la shambani."

Afisa alifungua mdomo. Lile jibu lake lilikuwa karibu, alishalitoa mara mbili, na halikuwa na kosa. Lakini sasa mwanamke aliyesimama mbele yake hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Mguu ulikuwa umenyooka kwa sababu aliyeuvuta hakuwepo tena, na hakuna chochote ndani ya chumba kile kilichokuwa kikielekea kusini. Akafunga mdomo.

"Sitaki lori," Esperanca alisema. "Mguu mnasema umepona, nitakwenda nao. Nitachimba mwenyewe. Maji mafu yanakwisha, na bamvua la safari hii, maji makubwa, litafika mpaka chini ya dungu, na yale maboriti ni ya zamani. Likimchukua litampeleka baharini. Nikiondoka leo nafika kabla. Naomba uniandikie au uniambie kwa mdomo tu, yule wa kizuizini ataniamini. Sema Esperanca apite."

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake. Esperanca alingoja. Miwani ilishatakata, na aliendelea kuifuta.